Wanyama wa Uzi: Ufundi Usioachwa Nyuma Siku ya Uhamisho

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, amri ya uhamisho haiombi ushauri. Mwezi huu jamaa iko Bombo, mwezi ujao iko Moroto. Askari hubeba mkoba wake na kuripoti kikosini, na kazi yake humngoja huko aendako. Lakini mkewe huacha nyuma bustani ya mboga iliyokwisha kuota, kibanda cha chapati kilichokwisha kupata wateja, na kuku waliokwisha kutaga. Biashara nyingi za kina mama wa kambini hufa hivyo. Hazifi kwa uvivu wala kwa ujinga. Hufa kwa kuwa zimefungwa na ardhi, nayo ardhi haipandi lori.

Kwa hiyo yafaa tujiulize: ni kazi ipi inayoweza kuingia katika mfuko mmoja, ikapanda gari pamoja na watoto na magodoro, ikaanza tena siku ya pili mahali pengine? Kazi za namna hiyo si nyingi. Mojawapo ni kufuma kwa sindano ya kroshia, na hasa tawi lake moja ambalo wengi wetu hulidharau kwa kuliona kuwa ni mchezo wa watoto, nalo ni kufuma wanasesere wa wanyama: tembo, simba, twiga, sungura na wengineo. Leo twataka kulichungua tawi hilo kwa makini, tuone limetoka wapi, linafanywaje, linalipa kwa masharti gani, na mitego yake iko wapi.

KAZI YENYEWE

Vifaa ni vichache. Inatakiwa sindano moja yenye kulabu nchani, donge la uzi, sindano ya kushonea, mkasi, na pamba au sufi ya kujazia. Hakuna cherehani, hakuna umeme, hakuna chumba cha kupanga. Sindano inayofaa kwa wanyama wadogo ni ya unene wa milimita 2.5 hadi 3.5, na fundi mzoefu huchagua sindano nyembamba kuliko ile iliyopendekezwa kwenye karatasi ya uzi. Sababu yake ni kwamba vitanzi vikilegea, pamba iliyo ndani huchungulia nje, na mnyama huonekana kama godoro lililotoboka.

Kichwa cha mnyama huanza na vitanzi 6 vilivyofungwa katika duara. Mzunguko wa pili huwa na vitanzi 12, wa tatu 18, wa nne 24, wa tano 30, na kadhalika, kila mara vikiongezwa 6. Ukiongeza 6 kila mzunguko, hupata sahani bapa. Ukiacha kuongeza na kuendelea kuzunguka kwa idadi ile ile, kingo husimama na kuwa bakuli. Kisha huanza kupunguza 6 kila mzunguko, hujaza pamba kabla ya mlango kuwa mdogo mno, na hufunga. Hapo umepata mpira. Tumbo, miguu na mkonga hufuata kanuni hiyo hiyo, ila hesabu hubadilika.

Askari aliyesimama gwaridani ataelewa upesi kwa nini kazi hii yataka nidhamu. Mtu mmoja akikosa mahali pake, mstari mzima hupinda. Hali kadhalika kitanzi kimoja kikisahauliwa, sikio moja la tembo huwa dogo kuliko la pili, na mnunuzi huliona mara moja. Kwa vile mafundi wengi huzunguka bila kufunga mwisho wa kila duara, huweka kipande cha uzi wa rangi nyingine mahali mzunguko unapoanza, kisha hukihamisha kila wanapokipita. Kipande hicho ndicho kiongozi wa gwaride.

Mtindo huu wa wanyama wadogo wenye vichwa vikubwa umepewa sura yake na Wajapani, nao wauita amigurumi, jina lililoundwa kwa neno la kufuma na neno la mwanasesere aliyejazwa. Tangu miaka ya 2000 umeenea ulimwenguni, na leo watu wa mabara yote huuza wanyama wa namna hiyo.

Jambo moja kubwa halina budi kukumbukwa na kila aingiaye katika kazi hii. Sweta na soksi hufumwa kwa mashine, maelfu kwa siku. Kroshia ya kweli hadi leo hufanywa kwa mkono wa binadamu. Ipo mitambo inayoiga sura yake, lakini viwanda havijapata mashine ya kuifanya yenyewe. Maana yake ni mbili. Kwanza, fundi wa kroshia hashindani na mashine. Pili, kila mnyama wa kroshia anayeuzwa kwa bei ya kutupa, popote alipo duniani, amefumwa na mtu fulani aliyelipwa kidogo mno.

MWANAMKE WA GIENGEN

Wapo watakaosema kwamba wanyama wa kuchezea hawawezi kumlisha mtu. Hao twawaelekeza katika mji mdogo wa Giengen, kusini mwa Ujerumani, alikozaliwa Margarete Steiff mwaka 1847. Alipokuwa na umri wa miezi 18 alishikwa na homa ya ugonjwa wa kupooza. Miguu yake haikupona tena, na mkono wake wa kulia ukabaki dhaifu wenye maumivu. Akaishi maisha yake yote katika kiti cha magurudumu.

Hata hivyo alijifunza ushoni. Alipopata cherehani, mkono wake wa kulia ulishindwa kuzungusha gurudumu lake, basi akaigeuza mashine, akaizungusha kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1877 alifungua duka la nguo za kitambaa kizito cha sufu. Mwaka 1879 aliona katika gazeti la mitindo mchoro wa tembo mdogo, akaushona kuwa kifuko cha kuchomekea sindano, akawagawia jamaa zake. Watoto wakawanyang'anya mama zao tembo wale na kuwafanya wanasesere. Mwaka 1880 biashara ya tembo ikaanza, na kufikia mwaka 1886 alikuwa amekwisha kuuza zaidi ya 5,000.

Yeye hakufuma kwa kroshia, bali alishona. Lakini somo lake ni lile lile, nalo lina sehemu tatu. Alitazama wateja wake halisi, ambao walikuwa watoto, ijapokuwa yeye alikuwa amekusudia kina mama. Aliwashirikisha ndugu zake: Richard, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyebuni dubu wa manyoya mwaka 1902, na mwaka uliofuata, katika maonyesho ya Leipzig, mfanyabiashara kutoka Marekani akaagiza dubu 3,000. Tena, waigaji walipoanza kumfuata, kampuni yake iliweka alama ambayo hawakuweza kuidai kuwa yao: kuanzia mwaka 1904 kila mnyama wake alitiwa kifungo cha chuma sikioni. Margarete alifariki mwaka 1909. Kampuni ingali Giengen, na kifungo kingali sikioni.

NJAA ILIPOINGIA AYALANDI

Kroshia yenyewe imekwisha kuokoa watu katika shida kubwa kuliko zetu za uhamisho. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi katika nchi ya Ayalandi, na kwa miaka kadhaa watu wakafa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Watawa wa kike wa mji wa Cork wakawafundisha wanawake na wasichana kufuma kroshia nyembamba ya mapambo. Katika mji wa Clones, mke wa kasisi aliyeitwa Cassandra Hand alianzisha mafunzo kama hayo mwaka 1847. Mume aliyekuwa akilima alikuwa hana mavuno, lakini mke na binti walikuwa na sindano. Kwa fedha za mapambo yale wengi walinunua chakula, na wengine walilipa nauli ya meli kwenda Marekani.

Yafaa tuone jambo lililosaidia pale. Waliofundisha hawakuishia kutoa sindano na uzi, bali walitafuta na soko. Ufundi bila soko ni sawa na risasi bila bunduki: zito mfukoni, na halina faida.

JIRANI NA MBALI

Mfano wa karibu uko kwa jirani zetu wa Kenya. Huko Njoro, karibu na Nakuru, mwaka 1998 kilianza kikundi cha Kenana Knitters. Wanawake wa vijijini husokota sufu ya kondoo kwa mkono, huitia rangi itokanayo na mimea, kisha hufuma wanyama na mavazi. Wao hutumia sindano mbili, si kroshia, lakini bidhaa ni ya jamii moja, nayo huuzwa mpaka ng'ambo. Mnyama huondoka na kibandiko chenye jina la mwanamke aliyemfuma. Mnunuzi aliye mbali hujua kwamba ameshika kazi ya mtu mwenye jina, na fundi naye hujua kwamba kasoro yake haitajificha nyuma ya kundi.

Huko Bangladesh, mwaka 2004, Samantha Morshed alianzisha shirika la Hathay Bunano, jina lenye maana ya kufumwa kwa mkono. Badala ya kuwahamisha wanawake kwenda viwandani katika mji mkuu, aliweka vituo vya kufumia vijijini, karibu na nyumba zao, ili mama aweze kufanya kazi na bado awe karibu na watoto wake. Wanyama wao wa kroshia na wa sindano huuzwa katika nchi nyingi. Shirika hilo limeajiri maelfu ya wanawake, lakini msingi wake ni ule ule: mwanamke, sindano na uzi, na mtu wa kukagua ubora kabla bidhaa haijaondoka.

Na huko Marekani, mwaka 2020, mke na mume, Justine Tiu na Adrian Zhang, waliona kwamba watu wengi hawataki kununua mnyama aliyekwisha kufumwa, bali wataka kujifunza kumfuma. Wakafungua kampuni ya The Woobles, wakauza mfuko wenye uzi, sindano na mafunzo ya hatua kwa hatua. Kumbe hata maarifa ni bidhaa. Fundi aliyebobea katika kambi aweza kulipwa kwa kufundisha, si kwa kufuma peke yake.

HESABU ISIYODANGANYA

Sasa tuje kwenye jambo linaloua biashara hizi ndogo kuliko jambo lingine lolote, nalo ni hesabu. Fundi wengi hujumlisha bei ya uzi na pamba, huongeza kidogo, na kuita hiyo faida. Saa zao hawazihesabu.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu, kila mtu aweke namba zake mwenyewe. Tembo mmoja ametumia uzi wa shilingi 6,000, pamba ya shilingi 2,500 na uzi wa macho wa shilingi 500. Jumla ni shilingi 9,000. Nauli ya kwenda sokoni na uchakavu wa vifaa, ikigawanywa kwa kila mnyama, ni shilingi 2,000. Tumefika 11,000. Tembo huyo amechukua saa 6. Fundi akimwuza kwa shilingi 15,000 atafurahi kuona 4,000 mkononi, kumbe amefanya kazi kwa shilingi zisizofika 700 kwa saa. Akijipangia shilingi 2,000 kwa saa, kazi yake peke yake ni 12,000, na gharama yote ni 23,000. Akiweka shilingi 5,000 za kukuza biashara, bei ya haki ni 28,000.

Mnunuzi wa kawaida atashangaa bei hiyo. Basi fundi afanye nini? Si kujipunja. Kwanza, atengeneze mnyama mdogo wa saa moja na nusu kwa mwenye fedha kidogo. Pili, apate kasi: afume miguu ya tembo kumi kwa pamoja, kisha masikio yote, kisha vichwa vyote, maana mkono uliokwisha kuzoea hesabu moja huenda upesi. Tatu, anunue uzi kwa jumla pamoja na wenzake. Nne, amtafute mnunuzi ambaye kwake mnyama huyo ni kumbukumbu na si kitu cha kuchezea tu. Nchi yetu ina sokwe wa milimani wa Bwindi ambao watu huvuka bahari kuja kuwaona, na ina korongo mwenye taji aliye nembo ya taifa. Mgeni anayerudi kwao hana haja ya dubu, maana dubu wamejaa kwao. Sokwe aliyefumwa na mikono ya hapa hampati kwingine.

Fedha ya kwanza yaweza kutoka katika akiba. Jeshi lina chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Hata hivyo, twamshauri kila mtu asikimbilie mkopo kwa biashara ambayo yaweza kuanza kwa donge moja la uzi. Mnyama wa kwanza amlipie uzi wa mnyama wa pili. Mkopo uje pale ambapo maagizo yameshinda mtaji, si pale ambapo matumaini yameshinda maagizo.

USALAMA WA MTOTO

Mnyama wa uzi huishia kinywani mwa mtoto. Hilo si jambo la kutumaini lisitokee, kwani litatokea. Kwa hiyo mnyama wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu asiwe na macho ya vifungo wala shanga wala kitu chochote kinachoweza kung'oka na kumkaba koo. Macho yatariziwe kwa uzi. Sehemu zote zivutwe kwa nguvu kabla ya kuuzwa, na ikiwa mguu unalegea mkononi mwa mama aliyeufuma, basi utang'oka mkononi mwa mtoto.

Katika Jumuiya ya Ulaya mwanasesere hauzwi bila alama ya kuthibitisha kwamba ametimiza sheria za usalama. Huko Marekani sheria ya mwaka 2008 ilidai vipimo vya gharama kubwa, mafundi wadogo wakalalamika kwamba ingewaua, na mwaka 2011 ikarekebishwa ili watengenezaji wa idadi ndogo wapate nafuu. Anayeota kuuza ng'ambo na ajue kwamba mlango wa kwanza atakaoukuta ni huu.

Tena upo mfano wa Denmaki. Mwaka 2013 watu wa kujitolea walianza kufuma pweza wa kroshia kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa wazo kwamba mikia ya pweza humkumbusha mtoto kitovu cha mama yake. Kuhusu faida yake ya kitabibu, tuwaachie madaktari. Linalotupendeza sisi ni masharti waliyojiwekea: uzi uwe wa pamba tupu, pweza aweze kufuliwa kwa maji ya joto la digrii 60, na mkia ukinyoshwa usizidi sentimita 22 ili usimzonge mtoto. Hao walikuwa wakitoa bure, lakini walipima kwa rula. Je, sisi tunaouza tuwe na kipimo hafifu kuliko wanaogawa?

SI KAZI YA WANAWAKE PEKE YAO

Tumesema mengi juu ya kina mama, lakini lipo neno la kumwambia askari mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi waliojeruhiwa, wa Uingereza, Australia, Kanada na Afrika Kusini, walitarizi kitambaa cha madhabahu ambacho kilitumika katika ibada ya taifa ya shukrani, kanisani St Paul's, London, mwezi Julai 1919. Walikuwa watu walioona mahandaki. Wengine hawakuweza tena kusimama, lakini vidole vyao vilikuwa vizima. Hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba sindano imewapunguzia uanaume.

Miongoni mwetu wapo wenzetu waliopoteza mguu, na wapo wastaafu ambao siku ni ndefu kwao tangu baragumu ilipoacha kuwaamsha. Mtu aliyejifunza kufungua na kufunga silaha gizani hawezi kushindwa na vitanzi 6 vinavyokuwa 12.

TAHADHARI YA KAMBI

Siku hizi bidhaa hutangazwa kwa simu. Jambo hilo ni jema, maana mke wa askari aliyehamia Moroto aweza kubaki na wateja wake wa Kampala. Lakini hatuna budi kutoa onyo. Picha ya twiga wa uzi ipigwe juu ya meza au kitambaa cheupe, si mbele ya lango la kambi, wala ghala, wala gari la kijeshi, wala sare iliyoanikwa kambani. Aidha, mteja asielekezwe kuja kambini. Mkutane sokoni au bidhaa ipelekwe. Asiandikwe mahali popote kwamba mume yuko oparesheni na anarudi lini. Mwenye nia mbaya hasomi tangazo ili anunue twiga.

Twasisitiza pia kwamba afande hana ruhusa ya kugeuza kazi ya wake za walio chini yake kuwa zawadi za bure kwa wageni wake. Anayetaka sokwe wa uzi na alipe bei, kama raia mwingine yeyote.

Mwisho, tuseme wazi lililo nyuma ya haya yote. Siku moja kila askari huondoka katika nyumba ya serikali. Wengine huondoka wamestaafu, na wengine jamaa zao huondoka peke yao, wakiwa wamekabidhiwa bendera iliyokunjwa. Siku hiyo ufunguo hurudishwa, na orodha ya vitu vya nyumba hukaguliwa: kitanda kirudi, meza irudi, taa irudi. Ufundi haumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo, ndugu askari, ukipokea mshahara wa mwezi huu, toa bei ya sindano moja na donge moja la uzi, mpe mama watoto, kisha umwombe akuoneshe na wewe namna vitanzi 6 vinavyokuwa 12.